Ghala na Ukuta wa Kuvu

Kitendawili! Tega! Nyumba yangu ina nguzo moja.

Kila mtoto huujua mteguo wake: ni uyoga. Aliyekitunga kitendawili hiki alikuwa na macho mazuri, maana uyoga kweli una shina moja lililosimama katikati, na paa la mviringo juu yake. Lakini nyumba hiyo ionekanayo ni sehemu ndogo tu ya kitu chenyewe. Ziko nyumba nyingine, maelfu kwa maelfu, zilizofichwa chini katika udongo au ndani ya gogo lililooza, nazo ni nyembamba hata jicho haliwezi kuziona moja moja. Somo hili lahusu nyumba hizo ndogo: ni akiba gani iliyomo katika ghala zake, na kuta zake hujengwa kwa kitu gani.

Mtu akifukua taratibu udongo ulio chini ya uyoga, au akibandua gamba la gogo bovu wakati wa masika, ataona kitu cheupe kama pamba iliyotandazwa. Hiyo ndiyo kuvu yenyewe. Uyoga ni tunda lake tu, kama vile embe lilivyo tunda la mwembe. Ukungu uotao juu ya mkate, koga katika viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, na hamira ya kuumulia unga, vyote ni jamaa moja. Pamba ile ni nyuzi, na kila uzi ni kama bomba jembamba lililojaa uhai. Nyuzi 100 zikilazwa ubavu kwa ubavu hupata upana wa milimeta 1 hivi, na pengine hazifiki. Katika nyuzi nyingi bomba limegawanywa kwa viambaza vidogo, likawa vyumba vyumba, na kila chumba huitwa seli. Hamira haina nyuzi. Kila punje yake ni seli moja iliyo peke yake, mviringo kama yai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu chenye picha za vitu alivyovitazama kwa hadubini, na mojawapo ilikuwa picha ya ukungu ulioota juu ya ngozi ya kitabu. Yeye ndiye aliyeitumia kwanza habari ya vyumba, yaani seli, alipotazama kipande cha gamba la mti.

Kuvu haina majani mabichi, wala haiwezi kujipikia chakula kwa nuru ya jua kama mhindi na mgomba vifanyavyo. Wala haina kinywa, wala tumbo. Hula kwa namna ya kigeni: humwaga nje maji yenye vimeng'enya, na maji hayo huyeyusha mti, au jani, au unga ulio karibu, kisha uzi hunyonya kilichoyeyuka. Ni kama mnyama ambaye tumbo lake liko nje ya mwili. Kwa hiyo ghala la mkulima huweza kuwa sahani ya kuvu, ikiwa mahindi yamewekwa kabla ya kukauka vema. Tena jambo hili si la hasara ya chakula peke yake. Mwaka 2004 katika Kenya, na hasa katika nchi ya Wakamba, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na kuvu yenye sumu.

Zamani wataalamu waliziweka kuvu katika kundi la mimea, kwa kuwa hukaa mahali pamoja bila kutembea. Lakini mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alizipa ufalme wake mbali, si wa mimea wala si wa wanyama, na wengine wakamfuata. Hata akiba yake, kama itakavyoonekana, si akiba ya mimea.

Chakula kikuu kinyonywacho na nyuzi ni sukari ndogo iitwayo glukosi. Siku za neema uzi hupata glukosi kupita haja yake. Je, hiyo iliyobaki iwekwe wapi? Kuiacha ielee ovyo ndani ya seli ni hatari. Mtu akinyunyiza sukari juu ya vipande vya embe, na kuviacha kwa muda wa saa moja, atakuta vimekaa katika dimbwi la maji yake vyenyewe. Sukari imeyavuta maji. Vivyo hivyo sukari nyingi ndani ya seli huyavuta maji yaliyo nje, na seli huvimba. Basi nguvu hii ya kuvuta hutegemea hesabu ya chembe za sukari, wala si ukubwa wake. Chembe 1,000 zilizo mbalimbali huvuta kwa nguvu za chembe 1,000. Lakini zikiunganishwa kuwa chembe moja kubwa, huvuta kama chembe moja tu.

Hiyo ndiyo hila itumiwayo na kuvu. Huziunga glukosi moja kwa moja, maelfu kwa maelfu, mpaka zikawa kitu kimoja kikubwa kiitwacho glaikojeni. Umbo lake ni kama mti wenye matawi tele, maana kila baada ya glukosi 10 hivi huchipuka tawi jingine. Matawi hayo yana kazi. Njaa ikija, vimeng'enya huanza kuchuma glukosi kwenye ncha za matawi, na kwa kuwa ncha ni nyingi, wachumaji wengi hufanya kazi kwa wakati mmoja, na chakula hupatikana upesi. Kama glaikojeni ingekuwa kamba moja ndefu, ingaliwezekana kuichuma kwenye miisho yake tu, na seli ingengoja sana.

Mimea nayo huweka akiba ya glukosi zilizoungwa, lakini akiba yake ni wanga, kama ule wa muhogo na viazi. Wanyama hawana wanga. Wao huweka glaikojeni katika ini na katika nyama ya mwili. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeitoa glaikojeni katika ini, akaitangaza mwaka 1857. Wengi walidhani kwamba ni kitu cha wanyama peke yao. Ndipo mwaka 1882 Mbelgiji Léo Errera alipoonyesha kwamba kuvu nazo zinayo. Njia yake haikuwa ngumu. Alitumia iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia ipakwayo vidonda. Tone la iodini likiangushwa juu ya kipande cha muhogo mbichi, muhogo hugeuka rangi ya buluu iliyo karibu na nyeusi; hilo mwanafunzi yeyote aweza kulijaribu shuleni. Lakini tone hilo likiwekwa penye glaikojeni, rangi huwa kahawia iliyoingia wekundu. Errera aliiona rangi hiyo ya kahawia ndani ya seli za kuvu. Kwa habari ya akiba, basi, uyoga una udugu na mbuzi kuliko na muhogo.

Glaikojeni si akiba pekee. Kuvu nyingi hutunza pia matone ya mafuta, na hasa zile mbegu zake ndogo kama vumbi, ambazo hupeperushwa na upepo zisijue zitaangukia wapi. Mafuta yana nguvu nyingi katika mzigo mdogo, nayo ni masurufu mazuri ya msafiri. Ziko kuvu nyingine ambazo nyuzi zake hujisokota chini ya ardhi zikawa kama kiazi kigumu kilichojaa akiba, kikangoja mvua. Katika Nigeria watu huchimba viazi vya namna hiyo wakavimenya na kuvila.

Iko pia sukari iitwayo trehalosi, ambayo ni glukosi mbili tu zilizounganishwa. Mtu aweza kuuliza: ikiwa chembe ndogo huvuta maji, mbona kuvu huiweka sukari ndogo namna hii? Jibu ni kwamba trehalosi ina kazi nyingine kupita kazi ya chakula. Seli ikikauka, ngozi yake laini ya ndani na vitu vyake vingine huelekea kuharibika. Trehalosi huvishika mahali pake na kuvilinda mpaka maji yarudi. Hamira ya dukani ni kavu kama mchanga, hata mtu asingedhani kwamba ina uhai. Katika seli zake trehalosi huweza kupita sehemu 10 katika 100 za uzito. Mwokaji anapoitia katika maji ya vuguvugu, hamira huamka, huila sukari ya unga, hutoa hewa, na mkate ukafura. Hamira iliyotengenezwa bila trehalosi ya kutosha hufa wengi wa seli zake ingali ndani ya pakiti.

Hiyo ndiyo habari ya ghala. Sasa ukuta.

Seli ya mnyama haina ukuta. Ina ngozi laini tu, kama utando wa ndani ya yai. Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi, ambayo ndiyo pamba na karatasi. Mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot, aliyekuwa mtunza bustani ya mimea katika mji wa Nancy, alitaka kujua uyoga umefanywa kwa nini. Aliuosha kwa maji makali ya namna ya magadi, mpaka yakabaki masalio yasiyokubali kuyeyuka. Aliona kwamba ni kitu kigeni, akakipa jina litokanalo na jina la uyoga. Miaka 12 baadaye, mwaka 1823, Mfaransa mwingine, Auguste Odier, alikikuta kitu hicho katika magamba ya mbawa za mende wa porini, akakiita kaitini, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kanzu. Leo yajulikana kwamba gamba la kaa, la kamba, la nzige na la mchwa, yote yana kaitini. Ajabu ni kwamba uyoga uotao katika kichuguu, na mchwa aulishaye, wote wawili wamevaa kanzu ya kitambaa kimoja.

Kaitini yenyewe hufanywa kwa glukosi. Kuvu huichukua glukosi, huibadili kidogo na kuitia naitrojeni, kisha huziunga hizo zilizobadilishwa katika mstari mmoja mnyofu, usio na tawi hata moja. Mistari hulala kandokando, hushikana, na kuwa ufito mgumu. Kwa hiyo sukari ile ile, ikiungwa kwa matawi, ni chakula. Ikigeuzwa na kuungwa bila matawi, ni boriti. Namna ya kuunga ndiyo ifanyayo tofauti.

Mtu aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa atauelewa ukuta wa kuvu bila shida. Kwanza fundi husimamisha miti na kufunga fito. Kisha hukandika udongo katikati ya fito. Na mwisho hupiga lipu au chokaa kwa nje. Fito peke yake hupitisha upepo, na udongo peke yake hubomoka. Katika ukuta wa kuvu fito ni kaitini, nazo ziko upande wa ndani. Mahali pa udongo ni kitu kiitwacho glukani, ambacho nacho ni glukosi zilizoungwa, lakini kwa namna ya tatu; hiki ndicho kingi kuliko vyote katika kuvu nyingi, nacho hushikamanishwa na fito kwa vifundo vya kweli, si kwa kugusana tu. Lipu ya nje ni protini zilizovikwa sukari. Hizo ndizo zigusanazo na ulimwengu. Kiasi cha fito si kimoja kwa kuvu zote. Katika kuta za hamira kaitini ni sehemu 1 au 2 tu katika 100, nayo imewekwa hasa pale mtoto alipokatika kwa mama yake. Maana hamira huzaa kwa kuchipua, na kila mtoto huacha kovu la mviringo, hata mtaalamu aweza kuhesabu makovu akajua mama amezaa mara ngapi. Katika nyuzi za ukungu fito ni nyingi zaidi sana.

Sasa lipo swali ambalo fundi wa nyumba halimpati. Nyumba ikiisha kujengwa haikui. Uzi wa kuvu hukua kila saa, na ukungu mmoja wa mkate, wenye rangi ya machungwa, huweza kurefuka zaidi ya milimeta 3 kwa saa moja. Ukuta ulio mgumu utarefukaje? Nao ukiwa laini, maji yaliyo ndani yasukumayo kwa nguvu yataupasua. Kuvu imelikata jambo hili kwa kujenga kwenye ncha tu. Ndani ya uzi vifuko vidogo mno husafiri kuelekea ncha, kama wachukuzi wenye matofali, na mbele kabisa hukusanyika katika kundi. Vifuko hivyo hujipachika kwenye ngozi ya ncha na kupeleka huko vimeng'enya vya ujenzi. Kimeng'enya hukaa katika ngozi hiyo, hupokea sukari kutoka ndani, na kuusukuma mstari wa kaitini utoke nje. Penye ncha ukuta ni mbichi na wavutika. Nyuma kidogo fito na udongo wake zimekwisha kushikamana, na ukuta umekauka. Basi maji yakisukuma, hapawi mahali pa kukubali ila mbele, na uzi huenda mbele.

Hapo ndipo ilipo pia sababu ya uyoga kuota usiku mmoja. Watu husema kwamba jana hapakuwa na kitu, na leo pana uyoga. Kumbe nyuzi zimefanya kazi chini kwa majuma mengi zikijaza ghala. Siku ikifika, akiba hupelekwa juu, maji mengi huingia, na shina hunyoshwa kwa muda wa saa chache. Iko kuvu moja ndogo, yenye umbo la kipepeo cha mkono na rangi ya kijivu, iotayo juu ya miti iliyokufa katika nchi zote za joto; jina lake la kitaalamu ni Schizophyllum commune. Mwaka 1965 Mholanzi J. G. H. Wessels alionyesha kwamba kuvu hii, chakula cha nje kikiisha, huziyeyusha glukani za kuta zake za zamani na kuzitumia kwa kujengea kofia. Ni kama mtu abomoaye kibanda cha zamani apate kuni za kupikia wajenzi wa nyumba mpya. Ukuta nao, kumbe, ni ghala.

Ukuta wa kuvu una maana kubwa hata kwa waganga. Mwaka 1928, katika London, Alexander Fleming aliona ukungu ukiwaua bakteria waliokuwa jirani yake. Ndio mwanzo wa penisilini. Dawa hiyo huwazuia bakteria wasiunganishe ukuta wao, nao hupasuka. Ukungu uitengenezao haudhuriki, kwa kuwa ukuta wake ni wa namna nyingine kabisa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo penisilini haimponyi mtu mwenye ugonjwa wa kuvu. Na kuvu, kwa kuwa ndani yake zafanana na seli za mtu, ni vigumu kuziua bila kumdhuru mgonjwa. Ukuta ndio mahali penye tofauti. Mtu hana glukani ya namna ile. Dawa moja, kaspofungini, iliyokubaliwa katika Marekani mwaka 2001, humzuia fundi wa glukani asifanye kazi yake, na seli ya kuvu huvimba na kupasuka. Hutumiwa hospitalini kwa wagonjwa ambao kuvu imeingia damuni mwao.

Imebaki habari ya mpunga, ambapo ghala na ukuta hufanya vita pamoja. Wakulima wa mpunga wengi wa Afrika ya Mashariki wameyaona madoa katika majani, yenye umbo la jicho, kijivu katikati na kahawia pembeni. Ugonjwa ukipanda hata shingo ya suke, suke huvunjika, na mavuno huwa mapepe. Mleta ugonjwa ni kuvu iitwayo Magnaporthe oryzae. Mbegu yake ina seli tatu tu. Huanguka juu ya jani lenye umande, hujigandisha kwa gundi, nayo haina chakula hapo, kwa kuwa uso wa jani ni mgumu na una nta. Ina masurufu yake tu: glaikojeni, mafuta na trehalosi. Kwa hayo huotesha uzi mfupi, na mwisho wa uzi hujenga kuba dogo lenye ukuta mnene, tena hulipaka kwa ndani rangi nyeusi.

Kisha huifungua akiba yote. Msomaji akumbuke kwamba chembe kubwa haivuti maji, na chembe ndogo huyavuta. Kuvu hii sasa hufanya kinyume cha desturi: huvunja akiba yake makusudi, na ndani ya kuba hujaza gliseroli, ambayo ni ile glisarini ya kupaka ngozi wakati wa baridi. Gliseroli huyavuta maji ya umande. Rangi nyeusi huyaacha maji yapite, lakini gliseroli huizuia isitoroke. Shindo la maji hupanda mpaka mara 80 ya shindo la hewa, kama lilivyopimwa mwaka 1991. Gurudumu la motokaa lililojazwa vema halifiki sehemu moja katika 30 ya hilo. Wapimaji waliona kwamba hupenya hata ngozi ngumu ya plastiki. Chini ya kuba ukuta umeachwa mwembamba mahali pamoja, na hapo hutoka msumari mdogo ukalitoboa jani. Siku ya pili kuvu imekwisha kuingia ndani, na baada ya siku chache madoa huonekana, kila doa likitoa mbegu mpya maelfu.

Iko dawa iitwayo trisaiklazoli, inyunyizwayo katika mashamba ya mpunga ya nchi nyingi. Haiiui kuvu. Huizuia tu isitengeneze ile rangi nyeusi. Mbegu huota kama desturi, kuba hujengwa, akiba huvunjwa yote. Lakini gliseroli hutoroka kupitia ukutani, shindo halipandi, na jani halitoboki.